Mume wa Majibu

Nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asisumbuke kuutafuta baina ya mistari, akadhani ameshika kitabu cha hekima. Hekima nilikuwa nayo, nikaimaliza kwenye foleni. Kilichobaki ni wivu, nao ninao wa kuugawia mji mzima na nikabaki na akiba ya kesho.

Mji wenyewe hauna jina. Una Jumba, Jumba lina dirisha moja, dirisha lina kioo, na nyuma ya kioo anakaa afisa anayeamua nani aende Kule na nani abaki. Kule ni wapi, sijui. Waliokwenda hawakurudi kutusimulia, na walioandika barua waliandika kwamba hali ya hewa ni nzuri. Sisi tuliobaki tumejenga nyumba zetu zote milango ikilitazama Jumba, na makaburi yetu vilevile. Saa hutembea ndani ya Jumba tu. Nje ni Jumanne, siku ya usaili, na imekuwa Jumanne tangu nizaliwe. Huku mtu haulizwi ana miaka mingapi, anaulizwa amekataliwa mara ngapi. Mimi nina mara saba, kwa hiyo nahesabiwa mtu mzima na vijana wananipisha kwenye benchi.

Kila anayefika dirishani huulizwa maswali mengi ya kupasha mdomo moto, halafu linakuja lile moja: kirejesho chako ni nini? Yaani, ukishafika Kule, ni kitu gani kitakachokurudisha huku? Huruhusiwi kuondoka mpaka uthibitishe kwamba hutaki kuondoka. Nimelitafakari jambo hili miaka yote ya Jumanne hii. Anayetaka kwenda kwa moyo wake wote anafungiwa. Aliyefungwa huku kwa kamba za kila namna, shamba, mama, mtoto, deni la shukrani, huyo ndiye anayefunguliwa mlango. Basi nikajiuliza: kama mtu anaaminika kuwa yupo kwa sababu kuna kinachomvuta nyuma, yule asiyevutwa na chochote yupo wapi? Nadhani ndilo kosa langu mara zote saba. Sikunyimwa viza. Nilikutwa sipo.

Watu wa mji wetu si wajinga. Wameanza zamani kuazimana virejesho. Shamba moja la mikarafuu limewarudisha watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Bi Mwanakheri wa mtaa wa tatu, mgonjwa wa miguu, amekuwa mama mzazi wa watu thelathini, na akipigwa picha anajua mwenyewe aegemee upande gani ili aonekane hana wiki mbili za kuishi. Hatuoni haya. Tunaona kwamba afisa anataka kamba, nasi tunamletea.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha majibu. Naitwa Ngwali, na watu huniita Mwalimu Ngwali ingawa sijawahi kushika chaki. Nilichomoa mlango wa kioo kwenye kabati letu la vyombo, nikausimamisha juu ya meza ya kulia chakula, nikavaa tai, nikakaa nyuma yake na kuwauliza watu maswali kwa sauti ya afisa. Nilikuwa hodari, tena hodari hasa. Niliwaambia wasitazame dari. Niliwaambia wasijibu wasichoulizwa. Na wanawake waliokuja na waume wa karatasi niliwapa siri ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeijua: usiseme unampenda mume wako, mlalamikie. Mke asiyelalamika ni wa karatasi, afisa anamjua kabla hajakaa. Sema hivi: "Nina mume, bwana. Anakoroma. Akioga hafungi bomba. Na asipoiona sahani yangu mezani, hali."

Wanawake arobaini walikwenda Kule kwa maneno hayo. Mume huyo nilimtunga mimi, kwenye meza yangu, mchana mmoja nikisubiri chai. Nilimpa makosa madogo na lile moja la sahani, la kumfanya mtu amkumbuke.

Kisha ikaja barua ya Zamda.

Zamda ni mke wangu. Ni mkunga. Mikono yake imewapokea nusu ya watu wanaopanga foleni mbele ya Jumba, na mara nyingine nadhani ndiyo maana wanamwamkia yeye kwanza kabla yangu. Hakuwahi kuomba kwenda Kule. Hakuwahi hata kulisogelea dirisha. Na bado barua ilimjia yeye, kwa jina lake, nyumbani kwetu: Kule watoto wanazaliwa kwa nadra sana siku hizi, hata watu wamesahau namna ya kuwapokea, kwa hiyo anaombwa aende akawafundishe, miaka miwili, kisha arejee.

Mimi nimesimama juani mara saba. Nimepigwa picha masikio yote mawili yakionekana. Nimebonyeza vidole vyangu kwenye kile kidude chao mpaka mistari ya vidole imefutika, sasa nikishika glasi haibaki alama. Na yeye ameitwa. Ameitwa! Nilimkumbatia, nikampongeza, nikasema mashallah, na ndani yangu kijicho kilikuwa kimeshakaa kitako na kuagiza chakula.

"Utanifundisha, Mwalimu?" aliniuliza. Huniita Mwalimu akinitania, na akiniomba.

"Nani mwingine wa kukufundisha?"

Tukaanza. Nikavaa tai, akakaa upande wa pili wa kioo amekunja mikono mapajani. Jibu lake la kwanza lilikuwa aibu tupu.

"Kirejesho chako ni nini?"

"Nina mume. Anaitwa Ngwali. Ni mwalimu."

"Umekataliwa. Mwingine!"

"Sasa nimekosea nini?"

"Umesoma kitambulisho. Hujamsema mtu."

Nikampa maneno. Ndiyo, yaleyale ya wanawake arobaini. Ningeweza kumtungia mapya, lakini yale yalikuwa yamejaribiwa, na nataka niaminiwe nikisema kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka apite. Akayachukua. Mara ya kwanza akayasema kwa kubabaika. Mara ya pili akayasema vizuri. Mara ya tatu, alipofika kwenye sahani, akacheka kidogo puani, akainamisha macho, na mtu akaingia chumbani.

Sisemi kwa mafumbo. Mtu aliingia. Alikaa kwenye kiti cha pembeni ya Zamda, mwanamume wa makamo mwenye shati langu la mistari, akatulia kama mtu aliyezoea kusemwa. Zamda hakumtazama, hakuwa na haja ya kumtazama. Alikuwa akimzungumzia, na sauti yake ilikuwa na joto ambalo sijawahi kulisikia likielekezwa kwangu. Wanawake arobaini walimbeba mwongo huyu Kule na sikumjali. Sasa alikuwa amekaa nyumbani kwangu.

"Mimi sikoromi," nikasema kupitia kwenye kioo.

"Ati?"

"Mimi sikoromi. Na bomba nafunga."

Zamda akaacha kucheka. "Basi nimseme nani, Mwalimu? Si wewe uliyenipa huyu?"

Tangu hapo sikuwa peke yangu na mke wangu. Nikirudi kutoka msalani nakuta kiti changu kina joto. Naoga, nafunga bomba kwa nguvu zote, nikitoka nasikia linatiririka. Siku nyingine nilikula kabla ya Zamda kukaa, makusudi, nikamaliza sahani nzima mbele yake, nikaona jinsi alivyotazama mahali patupu pembeni yangu, kwa upole, kama anayemwomba mwingine radhi. Nilitaka kumpiga mtu huyo. Lakini ningempigaje? Ni maneno yangu. Kila nilipomtazama usoni nilimwona ana kile nilichokosa mbele ya dirisha mara saba. Alikuwa yupo.

Nauliza, na sitarajii jibu: mtu aliyependwa ni nani? Ni huyu anayekula, anayekohoa, anayetafuta soksi, au ni yule anayesimuliwa? Ikiwa ni yule wa pili, basi mimi ni kitu gani? Mfuko aliotokea? Kuna wakati nilitaka kumwambia Zamda aache, tufunge kioo, tubaki. Kuna wakati nilitaka aende haraka, amchukue na huyo wake. Na kila mara wivu ulinirudisha mezani, kwa sababu pale mezani ndipo nilipoweza kumsikia akimpenda mtu.

Mchana mmoja, katikati ya mazoezi, nilivua tai. Niliiweka mezani wazi aione. Nikasogeza kioo pembeni. Nikamuuliza kwa sauti yangu mwenyewe, sauti ambayo imechakaa kidogo kwa kutotumika:

"Zamda, utarudi?"

Akaweka mikono mapajani. Akanyoosha shingo.

"Nina mume, bwana," akasema. "Anakoroma. Akioga hafungi bomba. Na asipoiona sahani yangu mezani, hali."

Nilirudisha kioo mahali pake. Nikamwambia amekuwa tayari.

Siku ya usaili, ambayo ilikuwa Jumanne, nilimsindikiza mpaka getini. Mlinzi wa Jumba ni Mzee Ndaro, mtu mwenye funguo nyingi na mlango mmoja. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefanya vizuri kuvaa tai, Mwalimu. Afisa hayupo. Utakaa wewe."

"Nikae wapi?"

"Unapajua," akasema, akanifungulia kimlango cha ubavuni ambacho kwa miaka yote nilidhani ni cha mafagio. "Huyu bibi atapita mbele na wenzake. Usihofu. Wa nje wanaona afisa tu. Kioo ndiyo kazi yake."

Hakuna aliyewahi kumwona afisa akiingia kazini, na ghafla nikaelewa kwa nini. Nilikaa. Kiti kilinikaa vizuri. Mezani kulikuwa na mihuri miwili, wa kijani na mwekundu, na karatasi ya maswali imeandikwa kwa mwandiko wangu. Nikavuta droo. Humo nikakuta faili zangu saba zimefungwa pamoja kwa uzi, nikaifungua ya mwisho, na chini kabisa, pale afisa anapoandika sababu ya kukataa, niliandikiwa: "Anataka kuondoka tu." Herufi zilikuwa zangu pia, ile k yangu yenye mguu mrefu. Nilitaka kushangaa, lakini kengele ililia na foleni ikaanza kusogea.

Zamda akasimama mbele yangu. Alinitazama moja kwa moja, na hakuniona. Nimeishi naye Jumanne yote hii na sikuwahi kuona jinsi anavyomtazama mtu mgeni. Ni macho mazuri, yana heshima, yanaogopa kidogo. Nikamwonea wivu hata huyo anayetazamwa hivyo, yaani mimi.

Nikamuuliza jina, kazi, sababu ya safari. Akajibu kwa ufupi, hakutazama dari. Mwanafunzi wangu bora. Kisha:

"Kirejesho chako ni nini?"

"Nina mume, bwana. Anakoroma."

Na yule mtu akatokea nyuma ya bega lake, shati la mistari, ametulia, ana hakika ya kupita. Damu ikanipanda.

"Mama," nikasema, "jibu hilo nimelisikia mara arobaini. Nani amekufundisha?"

Nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Mwanafunzi anayeulizwa swali hilo amekwisha. Wote niliwafundisha wakane, yeye sikumfundisha. Nilimwacha na tundu hilo moja, na sasa nikapitisha kidole.

"Mume wangu," akasema polepole. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Yote."

"Kwa hiyo huyo anayekoroma hayupo."

"Hayupo, bwana."

Nilipoinua macho, nyuma ya bega lake hapakuwa na mtu. Ningepaswa kufurahi. Mkono wangu ulikuwa juu ya mhuri mwekundu.

"Basi nitajie jambo moja kuhusu mume wako ambalo hakukufundisha. Moja tu. Kisha uende zako."

Akafikiri. Akavuta mtandio wake mbele kidogo, kama anavyofanya akiwa ndani ya chumba cha mzazi na mambo yamekuwa magumu.

"Ana wivu," akasema. "Barua ya mwaliko ilipofika, aliificha. Aliitia ndani ya gunia la mchele."

Hapa inabidi nikiri, maana niliruka jambo, msomaji. Nilisema barua ilikuja na nikamkumbatia. Baina ya kuja kwake na kumkumbatia kulikuwa na siku kumi na mbili. Niliipokea mimi. Niliisoma mimi. Niliizika ndani ya mchele nikangoja muda wa kujibu upite. Siku ya kumi na mbili, moja kabla ya muda huo kwisha, nikaitoa, nikaipangusa vumbi la mchele, nikampa nikasema imeletwa sasa hivi. Sikujua kwa nini niliitoa. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna anayejua.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Mpishi wa nyumba hiyo ni mimi, bwana. Siku ya kwanza tu kibaba kiligonga bahasha. Niliisoma, nikairudisha palepale. Kila siku napima mchele wa watu wawili, naiona, naifunika."

"Kwa nini hukuichukua? Ilikuwa yako."

"Nilitaka anipe yeye. Ningeichukua mwenyewe ningekuwa nimeondoka tu. Nilimhesabia siku. Ya kumi na moja nililia jikoni. Ya kumi na mbili akanipa, uongo umejaa mdomoni na punje moja ya mchele imeganda kwenye stempu. Nikajua ameshindana na nafsi yake, na ameshinda kidogo. Mtu wa namna hiyo, bwana, huwezi kumwacha moja kwa moja. Utataka kujua ya siku ya kumi na tatu."

"Kwa hiyo utarudi."

"Sijui."

Hakuna mtu aliyewahi kusema neno hilo kwenye dirisha lile.

"Leo nataka kurudi," Zamda akasema. "Ya miaka miwili sijayaona. Pengine nitapapenda huko. Pengine yeye atakuwa amezoea kuwa sipo. Kama unataka hakika, bwana, hakika nilikuwa nayo ile ya kukoroma, na umeikataa."

Nikabaki na mihuri yangu miwili. Nitaeleza nilivyofikiri, na asiseme mtu kwamba niliona mwanga. Nilifikiri hivi: nikigonga mwekundu, atarudi nyumbani leo saa saba, atapika, atakaa, atazeeka mbele yangu, na kila siku nitamtazama nikijiuliza kama angerudi. Hata akifa sitajua. Nikigonga kijani, nitajua. Pengine nitajua jambo baya kabisa, lakini nitajua, na hakuna kitu ambacho mwenye wivu anakitaka kuliko hicho. Wivu wangu ulikuwa mkubwa kuliko woga wangu, tofauti yenyewe ilikuwa ndogo tu. Nikagonga kijani.

Zamda aliitazama pasipoti yake muda mrefu. Hakushangilia. Alikuja karibu na tundu la kioo mpaka nikasikia pumzi yake.

"Bwana, nina ombi. Mume wangu ananisubiri nje. Anajulikana sana hapa, ni Mwalimu Ngwali. Akija akikuuliza, mwambie nilijibu kama alivyonifundisha."

"Kwa nini nimdanganye?"

"Alifanya kazi nyingi," akasema. "Na yale ya mchele sijawahi kumwambia. Akijua kwamba najua, ataona haya, hatanisindikiza."

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa na sauti ya kutumia, si ya afisa wala yangu. Mzee Ndaro akaja kuniambia zamu yangu imekwisha, akanitoa kwa kile kimlango cha ubavuni, na nilipozunguka mpaka mbele nilimkuta Zamda amesimama juani ananitafuta kwa macho. Aliponiona akainua pasipoti juu. Watu wakapiga vigelegele, nami nikapiga makofi pamoja nao.

"Amekuulizaje?" nikamuuliza.

"Kama ulivyosema. Neno kwa neno."

"Na wewe?"

"Kukoroma, bomba, sahani." Alinishika mkono. "Nilikuwa nakuona wewe tu machoni, Mwalimu."

"Hakukuuliza kingine?"

"Hakuuliza kitu."

Alinitazama usoni kwa upole uleule anaosemea uongo, na nilijua kwamba hataniambia kamwe, si leo wala akirudi, ikiwa atarudi. Maneno yake yote ya kweli alikuwa amemwachia mwanamume mwingine, nyuma ya kioo.

"Vizuri," nikamwambia, nikampokea mkoba, na nikamchukia yule afisa kwa moyo wangu wote.